Ugiriki kwa matanga na watoto: anza na upepo, visiwa baadaye

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia wiki hii. Yeye, mumewe na watoto watatu wanataka kwenda Ugiriki mwezi wa Agosti, wakodi boti ya matanga Athens, na ndani ya wiki moja wafike Mykonos na Santorini kisha warudi. Anauliza kama ratiba hiyo inafaa. Dada yangu, haifai, na nakujibu hapa ili na wengine wenye ndoto hiyo wasome.

Bahari ya Aegean ina upepo wake wa kiangazi, meltemi. Huvuma kutoka kaskazini na hushika hasa Julai na Agosti, wakati mgandamizo wa hewa uko juu upande wa Balkani na chini upande wa Uturuki. Sisi wa pwani tumezoea kusi kuja na mawingu na mvua. Meltemi huja mbingu ikiwa safi kabisa, kwa hiyo mgeni hutoka bandarini akiamini siku ni njema. Mara nyingi hufika nguvu 6 au 7 kwa kipimo cha Beaufort. Nguvu 6 peke yake ni kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Ukishaanza, unaweza kukaa siku tatu, tano au zaidi. Visiwa vya Cyclades, ambako Mykonos na Santorini zimo, ndivyo vilivyo katikati ya njia yake. Upepo hubanwa kwenye milango kati ya kisiwa na kisiwa ukaongeza kasi, na hata upande wa demani, unakodhani umejificha, huporomoka kutoka mlimani kwa vishindo.

Kwenda ni rahisi, upepo uko tezi, yaani nyuma ya boti. Kazi iko kwenye kurudi. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Santorini ni maili 125 hivi za baharini, na boti ya familia hutembea maili 5 au 6 kwa saa. Kurudi ni mbisho mtupu: unakata huku na huku, njia inarefuka, mawimbi mafupi yanapiga omo, yaani mbele ya boti, na watoto wanatapika. Boti za kukodi huchukuliwa Jumamosi jioni, na kampuni nyingi huitaka imerudi kituoni Ijumaa jioni. Wapo wanaolazimika kuiacha kisiwani, warudi kwa meli na kulipia mtu wa kuirudisha. Santorini penyewe hapana pa kutia nanga kwa raha, kwa sababu kisiwa ni ukingo wa volkano iliyozama, na maji ya ndani yake yanafika kina cha karibu mita 400. Ukiitaka, panda meli ya abiria Piraeus, mwendo wa saa nane hivi kwa meli kubwa, ulale hotelini.

Kwa familia yenye watoto wadogo nachagua Ghuba ya Saronic au Bahari ya Ionia, na sioni haya kulirudia hilo kila mara. Ionia iko magharibi, mbali na meltemi. Asubuhi bahari hulala, mchana huamka upepo wa kaskazini-magharibi waitwao maistro, na jua likizama unatulia. Lefkada ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha Meganisi, Ithaca na Kefalonia. Saronic inawafaa wanaotua Athens. Jumapili toka Alimos, bandari ya boti za kukodi ya Athens, uende kisiwa cha Aegina, maili 16 hivi. Hapo pana hekalu la Aphaia na pistachio zinazosifika Ugiriki nzima. Jumatatu vuka hadi Epidavros ya Kale, mchukue teksi kwenda kwenye ukumbi wa michezo uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo. Jumanne Poros, Jumatano Hydra ambako magari hayaruhusiwi na mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Watoto hupapenda sana. Alhamisi rudini Poros, Ijumaa Alimos. Kila siku ni mwendo wa saa tatu au nne, isipokuwa ya mwisho.

Bandari ya Hydra ni ndogo na Agosti hujaa, basi fika kabla ya saa nane mchana. Ukikosa nafasi, nenda Ermioni, bara, karibu tu.

Jambo linalowashinda wengi ni kufunga boti. Ugiriki hufungi ubavu; unaweka tezi gatini na nanga omo. Kabla hujaingia, ning'iniza mapira ya kukinga pande zote na moja nyuma, tayarisha kamba mbili za tezi, na watoto wakae ndani. Angusha nanga ukiwa umbali wa urefu wa boti tatu au nne kutoka gatini, kisha rudi nyuma polepole huku mnyororo ukitoka. Kamba ya upande wa joshi, unakotoka upepo, itangulie nchi kavu. Halafu vuta mnyororo mpaka ukaze, ubakize mita moja kati ya tezi na gati. Kosa la kawaida ni kuangusha nanga karibu mno: haishiki, na meli ya abiria ikipita wimbi lake linaibamiza tezi kwenye zege. Epuka pia kuiangusha kwenye majani ya bahari, yale madoa meusi. Tafuta mchanga mweupe. Asubuhi ukikuta mnyororo wa jirani juu ya wako, usivutane naye. Inua yote kwa winchi, injini ikiwa inawaka ili betri isiishe, pitisha kamba chini ya mnyororo wake uifunge kwenye boti, shusha nanga yako mpaka ijinasue, kisha achia kamba.

Makoti ya kuelea ya watoto agiza kwa kilo zao, si kwa umri, na uyajaribu kabla ya kung'oa nanga. Lazima yawe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Wa chini ya miaka sita aombewe wavu wa kuzungusha kingo. Dawa ya kulewa bahari, atakayoshauri mfamasia, hutolewa kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika umechelewa. Maji ya tangi, mara nyingi lita 300 hadi 500, huisha haraka kwa watu watano. Na karatasi haiingii chooni kamwe. Bomba ni jembamba, likiziba wiki imeharibika.

Kama hakuna kati yenu mwenye cheti cha unahodha kinachokubalika Ugiriki, kodini na nahodha. Atahitaji kitanda na chakula, kwa hiyo hesabu mtu wa sita unapochagua boti.

Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania mnahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: yuro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya hapo bure, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa Agosti usisubiri. Wanaopanga kwenda visiwa vya Kos au Rhodes wajihadhari zaidi: pwani ya Uturuki inaonekana kwa macho na vivuko vya kwenda Bodrum na Marmaris vinashawishi, lakini Uturuki haimo Schengen. Ukivuka na visa ya kuingia mara moja, hutaweza kurudi Ugiriki ilipo boti yako. Kama Uturuki imo kwenye mpango, omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, uitaje safari hiyo kwenye maombi, na uangalie masharti ya visa ya Uturuki yenyewe.