Ukifika Ahmedabad, niambie kwanza ni saa ngapi

WAULIZE WENYEJI. Maswali yenu ya mwezi huu kuhusu Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, India, yanajibiwa na mama aliyezaliwa ndani ya mji wa kale. Aliolewa Tanga, akauza khanga na vitambaa huko miaka 24, kisha mwaka 2009 akarudi kwao. Ameomba jina lake tusilitaje, kwa kuwa majirani zake atawasema.

Shikamoo Mama. Nampeleka mume wangu Ahmedabad kwa matibabu ya moyo. Tutakaa wiki tatu, na mwanetu atanipokea zamu siku mbili. Nataka kutoka nione mji, lakini naogopa kupotea. Niende wapi?
*Mke wa mgonjwa, Muheza*

Marahaba mwanangu, Mungu ampe afueni mzee wetu.

Kabla hujaniuliza uende wapi, niambie utakwenda saa ngapi. Manek Chowk, uwanja ambao utoto wangu wote nimeuchezea, asubuhi una ng'ombe wanaolishwa majani na akina mama wanaouza mboga. Mchana hao hawapo tena, wamekaa masonara na madalali wa dhahabu na fedha. Maduka ya vito yakifungwa, yanasukumwa majiko na meza, na kuanzia saa mbili usiku mpaka baada ya saa saba watu wanakula pale pale: pav bhaji, dosa, kulfi, na sandwichi ya nanasi na jibini ambayo wajukuu zangu wanaipenda, mimi sijaielewa. Mgeni huenda saa nane mchana, akaona milango ya masonara na jua la utosi, akarudi hotelini akasema mji hauna kitu.

Hapa nimehesabu kwa saa za Kiswahili. Wenyeji wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na saa zao ziko mbele ya zenu kwa saa mbili na nusu. Mwezi wa kwanza niliporudi nilimwambia dereva wa riksha aje saa mbili anipeleke benki. Nimevaa, nimekaa barazani tangu asubuhi. Akaja saa nane mchana, anatabasamu, amewahi. Hizo riksha ndizo bajaji zenu, tena za kijani na manjano. Mwambie awashe mita, na umwite *bhai*, yaani kaka. Wewe utaitwa *ben*, dada.

Siku ya kwanza toka mapema. Manispaa ina matembezi ya mji wa kale tangu 1997. Yanaanza yapata saa mbili asubuhi kwenye hekalu la Swaminarayan la Kalupur na kuishia Jama Masjid, msikiti wa Ijumaa, kwa mguu, na kiongozi anakwenda nawe. Mnapita ndani ya *pol*, mitaa yetu yenye lango moja. Nyumba zimegusana, nguzo na madirisha ni ya mbao zilizochongwa, na katikati kuna *chabutro*, kibanda cha ndege kilicho juu ya nguzo, ambako watu hupeleka nafaka. Mbele ya kila nyumba kuna *otlo*. Mtu wa Pwani hahitaji kufasiriwa: ni baraza. Wazee wamekaa, wanachambua mchele, wanakuangalia unavyopita. Mwaka 2017 UNESCO waliuweka mji huu wa kale katika urithi wa dunia, na tangu hapo baadhi ya nyumba zimegeuzwa hoteli za kifahari. Zangu mbili za jirani bado zinadondosha vigae.

Ukipotea, keti kwenye otlo yoyote. Haitapita dakika tano bila mtu kukuuliza wewe ni wa nani.

Jama Masjid ni ya mwaka 1424, miaka 13 tu baada ya Sultani Ahmed Shah kuuanzisha mji. Ina nguzo 260. Minara yake ilianguka katika tetemeko la 1819, basi usishangae kuona lango limekatika juu. Ingia, ukae kivulini. Ikifika saa sita rudi kwa mgonjwa wako. Mchana wetu si wa kutembea.

Siku ya pili chukua riksha au teksi mpaka Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini. Ni kisima cha ngazi kilichomalizika 1499. Unashuka ghorofa tano chini ya ardhi, na kila ngazi baridi inaongezeka, mawe yamechongwa kama kanzu iliyodariziwa. Nenda wakati jua liko juu, maana hapo ndipo mwanga unafika chini.

Jambo moja la karatasi: hoteli ikipokea mgeni wa nje lazima ijaze fomu maalumu ya serikali, na nyumba ndogo za wageni nyingine hukataa kuepuka usumbufu huo. Uliza kabla ya kulipa. Nakala za pasi na viza kaa nazo mkobani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani.

Dada yangu, nasikia huko kuna msikiti uliojengwa na Mwafrika. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?
*Mzee mstaafu, Mombasa*

Ni kweli kaka, na uko katikati ya mji, magari yanauzunguka pande zote. Ni msikiti wa Sidi Saiyyed, uliomalizika 1573, miaka ya mwisho ya masultani kabla Akbar, mfalme wa Wamughali, hajaichukua Gujarat. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi. Zama hizo Wahabeshi hapa walikuwa askari, maamiri na matajiri, ingawa wengi walifika kama watumwa.

Msikiti wenyewe ni mdogo. Kilichoupa jina ni madirisha yake ya jiwe, *jali*. Jiwe limetobolewa likawa mti: shina, matawi yanayopindana, na mtende katikati. Hakuna picha itakayokuonyesha. Dirisha liko upande wa kibla, kwa hiyo nenda alasiri, jua likishuka magharibi, ukae upande wa uani. Hapo utaona mwanga unapita kwenye matawi. Sisi wanawake hatuingii ndani pa kuswalia, tunatazama kutoka uani na inatosha. Usiku wanawasha taa, na unaonekana vizuri kutoka barabarani.

Ukimaliza, vuka barabara uingie Lucky, mkahawa wenye makaburi ndani. Sifanyi mzaha. Makaburi yamezungushiwa vyuma, meza ziko katikati yake, wahudumu wanapita na birika. Ukutani kuna picha aliyoichora M. F. Husain, mchoraji maarufu wa India, ambaye alikuwa mteja. Agiza mkate wa siagi na chai *adhi*, nusu kikombe. Watu wa Ahmedabad tunasemwa kwa ubahili, na nusu kikombe ndiyo ushahidi.

Wenye asili ya Afrika bado wapo. Wanaitwa Wasidi, na hapa mjini wengi wako mtaa wa Patthar Kuva. Walii wao ni Bava Gor, ambaye dargah yake, yaani kaburi linalozuriwa, iko Ratanpur, wilaya ya Bharuch. Ngoma yao wanaiita *goma*, na ukiisikia mzee wangu hutauliza neno limetoka wapi. Lakini Kiswahili hawana. Niliporudi nilikutana na mzee mmoja wa Kisidi dukani, nikasahau nilipo, nikamwambia, "Hujambo baba?" Akanitazama, akaniuliza kwa Kigujarati chetu cha sokoni kama naumwa. Basi ukienda, nenda kama mgeni anayetembelea watu wa Gujarat. Wamechoka kupigwa picha.

Mama, nimepata nafasi ya masomo Ahmedabad. Naambiwa huko hawali nyama na kupanga nyumba ni taabu kwa Mwafrika. Nifanyeje?
*Mwanafunzi mtarajiwa, Bujumbura*

Uliyoambiwa yote mawili yana ukweli, mwanangu, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wenye nyumba watakaokukataa wakisikia unapika nyama, na kuna watakaokukataa wakiona rangi yako, kisha waseme ni nyama. Mimi mwenyewe, mwenyeji, niliporudi nilikataliwa nyumba mbili upande wa magharibi wa mto kwa jina langu la Kiislamu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kaa bweni la chuo, hata kama chumba hukipendi. Nyumba itafute baadaye kupitia wanafunzi waliotangulia, umrithi anayeondoka. Watu watakukodolea macho na kuomba picha. Kukataa ni ruhusa.

Nyama ipo. Nenda Bhatiyar Gali, kichochoro karibu na Teen Darwaza, lango la matao matatu. Ni jikoni tupu, sufuria na mishikaki, na mwezi wa Ramadhani hapapitiki usiku.

Lakini usiishi kwa nyama tu ukakosa chakula cha mji huu. Asubuhi kuna *fafda* na *jalebi*, chumvi na sukari kwenye karatasi moja. *Khaman* ni unga wa dengu uliochachuka ukapikwa kwa mvuke, laini kama sponji, juu haradali na pilipili mbichi. Baridi ikiingia kuna *undhiyu*, mboga nyingi za msimu katika chungu kimoja. Na dali yetu ni ya mbaazi, na baadhi yake hutoka Tanzania, kule Lindi na Mtwara. India ilipobana kuziingiza mwaka 2017, wakulima wa huko waliumia. Dali tunaitia sukari guru. Wiki ya kwanza utadhani umepewa uji wa mgonjwa. Mume wangu, Mtanga wa kuzaliwa, alinuna miaka mitatu, kisha akaanza kuidai.

Maneno mengi unayo tayari: *gadi* ni gari, *dukan* ni duka, *rang* ni rangi, na *lakh* ni laki ile ile, elfu mia moja.

Bia je?
*Msomaji, Arusha*

Hakuna. Gujarat imekataza pombe tangu jimbo lilipozaliwa, 1960. Mgeni wa nje anaweza kuomba kibali na kununua kwenye hoteli zenye leseni. Bila kibali, usithubutu, na usinywe cha mtu kichochoroni.

As-salamu alaykum Bibi. Niko Muscat, likizo naipata ama Januari ama Mei. Ipi bora?
*Dereva, Muscat*

Wa alaykumu s-salam. Wewe umezoea joto, lakini Mei usije. Mei 2016 kipimo kilifika nyuzi 48, na hatuna bahari ya kutupoza.

Njoo Januari, na uwe umefika kabla ya tarehe 14. Hiyo ni Uttarayan, siku ya tiara. Mji mzima unapanda juu ya paa tangu asubuhi. Hapo ndipo utajua kwa nini nyumba za pol zimegusana: tulikuwa tunavuka kutoka paa hadi paa, mama anaita huku, sisi tuko nyumba ya tano. Tiara haichezwi kwa uzuri tu. Ni vita. Uzi ulikuwa ukipakwa gundi na vioo vilivyosagwa, unaukata wa mwenzio, na paa zima linapiga kelele *kai po che!*, nimemkata! Tiara nyingi zinatengenezwa na Waislamu wa Jamalpur kwa ajili ya sikukuu ya Kihindu, na hilo hapa halimshangazi mtu.

Tahadhari: uzi huo unakata. Kidole changu cha shahada kina alama yake tangu nina miaka tisa. Usipande pikipiki siku hizo bila kufunga skafu nene shingoni, na uzi wa nailoni au wa vioo, ambao umepigwa marufuku, usiununue hata wakikupa bei ya bure. Ndege wengi hufa. Sisi alfajiri na magharibi haturushi tiara, maana ndiyo saa zao za kutoka na kurudi. Tafuta kualikwa na familia ya pol. Siku hizi baadhi hukodisha mapaa yao, na si aibu kulipa.

Nina duka la khanga Kariakoo. Nataka kuja kununua mwenyewe, niache kupitia madalali. Ahmedabad kuna bei?
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Vitambaa vya mtaa viko tele: Dhalgarwad kwa majora, Rani no Hajiro kwa nguo za kike, palipo na makaburi ya wake wa sultani katikati ya wachuuzi, na Law Garden jioni kwa nguo za kudariziwa. Law Garden taja nusu ya bei na uanze kuondoka.

Khanga lakini si hapa. Ahmedabad ilijengwa na viwanda vya nguo, tukaitwa Manchester ya Mashariki, na vingi vilifungwa miaka ya themanini na tisini. Khanga na vitenge vya kwenda Afrika vinapigwa chapa Jetpur, kama kilomita 280 kutoka hapa kupita Rajkot. Lala Ahmedabad, ondoka alfajiri.

Na ukiwa Jetpur, soma jina kabla chapa haijaanza kazi. Mafundi ni hodari, lakini kwao maneno yenu ni maua tu. Mwaka wangu wa nne Tanga niliagiza korija kumi zenye jina *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Nilipofungua robota, kila doti imeandikwa *Usisafirie nyoka ya mwenzio*. Nililia pale chini ya kaunta. Mume wangu akasema niziuze kwa hasara. Kabla sijatundika tangazo, akaingia mwanamke mmoja wa Ngamiani, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini, akataka doti tatu za kuwapelekea anaowajua yeye. Wiki mbili, korija zote kumi zimekwisha, na watu wanauliza mzigo mwingine unaingia lini. Nimebaki na doti moja. Ndiyo naitandika kwenye otlo jioni, jua likishapungua.