Wanasema hapa ni pori

SWALI: Shikamoo mama. Kitongoji chetu kiko Wilaya ya Manyoni, Singida. Tumebaki kaya 14. Kutoka kwetu hadi kwa jirani ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, katikati vichaka na mashamba yaliyopumzishwa. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, akatuachia ekari tisa. Tunalima nne, mtama na alizeti. Hizo tano tumezilaza msimu wa pili huu zirudishe nguvu. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kitongoji alimleta mtu kutoka mjini, wakapima kwa kamba ekari zetu tano pamoja na za majirani wawili. Anasema hapa ni pori, watu hawapo, na ardhi isiyolimwa ni ya serikali. Mama analia kila siku. Je, ana haki hiyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mama afute machozi, shamba bado ni lenu.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka kumi na saba kabla ya kustaafu, na hilo neno "pori" nimelisikia mara nyingi, kila mara kutoka kwa mtu aliyekuja na kamba. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kugawa hata robo ekari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi ardhi kwa halmashauri ya kijiji iisimamie kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri yenyewe haigawi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, wewe na mama yako mkiwamo.

Kuhusu kutolimwa: kupumzisha shamba ni matumizi halali ya ardhi, sheria hiyo hiyo inalitambua hilo. Shamba huhesabiwa limetelekezwa pale mwenyewe asipolikalia wala kulitumia kwa muda usiopungua miaka 5, na hata hapo halmashauri hutoa notisi kwanza, mwenye dai ajieleze. Ninyi mko hapo hapo, mnalima.

Sasa muulize mama jambo moja: baba alilipata lini shamba hilo? Wengi wanaoshangaa vitongoji kama chenu kuwa na watu wachache hawajui kwamba Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja, kwingine yakabaki mahame. Kama baba alipewa shamba na kijiji kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, sheria imeuthibitisha mgao huo. Ipo siku mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye mstari wa minyaa, akavunja tawi, utomvu mweupe ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko. "Huu niliupanda siku niliyoonyeshwa mpaka," akaniambia. Karatasi hakuwa nayo. Majirani wawili wakasimama kwenye minyaa ile wakashuhudia, na mpaka ule ukaandikwa.

Fanyeni hivyo hivyo, na mfanye mapema, kabla mvua hazijaanza na watu hawajatawanyika mashambani. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, ninyi na wale majirani wawili kwa pamoja, nakala kwa afisa ardhi wa wilaya. Ombeni suala lifikishwe kwenye mkutano mkuu, ambao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Nakala yenu igongwe muhuri. Bila muhuri mtaambiwa barua haikufika. Likizidi kuwa zito, nendeni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Tangu mwaka 2021 baraza la kata nalo linasuluhisha tu. Ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vigingi vyao msiving'oe usiku, nakusihi. Nimeona wenye haki wakiishia mahabusu kwa sababu ya kigingi.

Mkutano ukiisha salama, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa ekari zote tisa, zilizolimwa na zilizolala. Jina la mama liwe la kwanza. Barua ikishagongwa muhuri, niandikie tena unijulishe mkutano umepangwa lini.