Kwa nyie mnaoanza kazi serikalini, kutoka kwa mstaafu mwenye miwani mbili

Hongereni kwa ajira wanangu. Najua wengi wenu mmesota miaka mtaani na vyeti kwenye bahasha, mkaenda usaili Dodoma mkajikuta mko maelfu mnagombea nafasi za kuhesabu, kwa hiyo ukiipata ile barua unaipiga picha unaiweka status, na shangazi zako wote wanaweka makopa. Sawa kabisa. Ila ukimaliza hizo picha itoe kopi, halafu ile yenyewe iweke kwenye plastiki isiyopitisha maji umpe mtu asiyehamahama, mama yako au dada mkubwa, kwa sababu wewe utahama Nachingwea uende Urambo uende sijui wapi na kila kuhama kuna begi linalopotea au panya mwenye njaa. Hiyo ndo karatasi ya kwanza utakayoulizwa siku unastaafu. Ya pili ni barua ya kuthibitishwa kazini, halafu zile za kupandishwa cheo moja moja. Kwa sheria yetu unaweza kuondoka kwa hiari ukiwa na miaka 55, na 60 ukitaka usitake unaondoka, na nimewaona watu wazima wa miaka 60, waliokuwa wanatisha maofisini, wamekaa kwenye benchi la masijala wanambembeleza karani mwenye umri wa mjukuu wao awatafutie barua ya mwaka 1987, maana wilaya iligawanywa mara mbili tangu wakati ule na faili lilibaki wilaya mama, na wilaya mama wanasema lilishahamishwa.

Mtaniambia mzee siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Ndiyo, nimesikia, kuna e-Office ya mafaili, kuna ESS ya taarifa zako za utumishi, kuna PEPMIS ya kupima utendaji badala ya ile fomu ya OPRAS tuliyokuwa tunajazajaza mwishoni mwa Juni. Vizuri sana. Lakini mfumo unakumbuka kile kilichoingizwa, na aliyeingiza taarifa zako alikuwa na mafaili mia tano mezani na umeme unakatika. Wewe tunza karatasi zako.

Sasa tuje kwenye kuandika, maana hapa ndo nataka tukae kidogo. Kazi ya serikali ni kuandika, kila kingine ni chai na vikao. Na kuandika kwenyewe hakufundishwi vizuri, mtu anatoka chuo na digrii yake anakuletea dokezo, yaani andiko la ndani ya ofisi la kumwomba bosi uamuzi, la kurasa mbili linaloanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kana kwamba nilidhani anahusika na kichwa cha chini. Unasoma hadi ukurasa wa pili ndo unagundua anaomba matairi. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: gari la idara liko gereji tangu tarehe kumi, linadai matairi manne, bei ya mzabuni ni hii, fedha ipo kwenye kifungu hiki, naomba kibali. Basi. Bosi ana mafaili arobaini na ana kikao saa nne, ukimpa mistari mitano atasaini, ukimpa kurasa mbili ataliweka chini ya rundo alisome "kwa utulivu", na huo utulivu hautakaa uje mpaka anahamishwa.

Mimi aliyenifundisha kuandika siyo profesa, ni katibu muhtasi mmoja aliyesomea uhazili Tabora. Enzi hizo ni taipu na kaboni, ukitaka nakala nyingi ni stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unakushika mpaka kwenye kola. Yule mama alikuwa anaisoma rasimu yangu kabla hajaweka karatasi kwenye mashine, anaweka kidole kwenye neno anauliza, "Afande, hili lina kazi gani hapa?" Nikikosa jibu analiruka. Hachapi. Barua zilikuwa zinatoka nusu ya nilivyoandika na Katibu Mkuu akawa ananisifia. Sasa nyie mna kompyuta, kuandika neno la ziada hakuumizi kidole cha mtu, ndo maana maneno yamekuwa mengi.

Kuna jambo lingine hawawaambii kwenye semina elekezi, au wanawaambia mkiwa mnasinzia baada ya ubwabwa. Utapeleka dokezo, litarudi limeandikwa pembeni neno moja tu: "Tuongee." Utaenda, mtaongea, bosi ataagiza fanya hivi na hivi, utatoka umefurahi unakwenda kufanya. Simama hapo hapo. Rudi kwenye faili, folio inayofuata, yaani ukurasa unaofuata wenye namba, andika: kufuatia mazungumzo yetu ya leo, tarehe fulani, umeelekeza kwamba malipo yafanyike kwa utaratibu huu, nawasilisha kwa hatua zaidi. Saini, jina, tarehe. Usiandike kwa hasira wala kwa kumtega mtu, andika tu kama unavyoandika kila siku. Ikiwa maagizo ni halali bosi atapitisha bila shida, na akikuita akakuambia "hilo la kuandika siyo lazima", hapo tayari umeshajua unachotakiwa kujua. Wakaguzi wakija miaka mitatu baadae bosi yuko mkoa mwingine, ana kumbukumbu nzuri ya mambo yote isipokuwa hilo, na faili liko mezani linasema nani aliomba na nani aliidhinisha. Hapo ndo utaona hoja za ukaguzi, masurufu, zile fedha ulizopewa mkononi kwa kazi, hayajarejeshwa, malipo hayana viambatisho, na wewe uliyesaini vocha unaulizwa wewe. CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti kila mwisho wa Machi, Aprili inaingia bungeni, magazeti yanachemka wiki mbili, na ukiyasoma kwa makini nusu ya vichwa vile vya habari vilianza na karatasi ambayo mtu aliona uvivu kuiandika.

Na ndo inanileta kwenye habari, kwa sababu siku hizi kazi yangu kubwa ni hiyo. Asubuhi redio, mchana gazeti la jana nililoazima kwa jirani, saa mbili usiku taarifa ya habari, na katikati ni WhatsApp ya wastaafu ambako kuna watu walikuwa wakurugenzi wanatuma video za tiba ya magoti. Naanzia tanzia, nisiwadanganye. Naangalia nani, naangalia umri, nikiona amenizidi napumua nageuza ukurasa, nikiona nimemzidi naahirisha chai.

Lakini kinachonichekesha kwenye habari ni kwamba nazifahamu sentensi. "Mchakato uko katika hatua za mwisho." Hiyo nimeiandika mimi! Siyo hiyo hiyo, ila dada yake, kwenye hotuba za wageni rasmi kuanzia uzinduzi wa matundu ya vyoo mpaka wiki ya maji. Afisa anaambiwa saa tisa mchana kwamba kesho Mheshimiwa anahutubia, hana takwimu, idara haijajibu, basi anaandika mchakato uko katika hatua za mwisho, na "wadau wote tushirikiane". Mheshimiwa anaisoma, mwandishi anainukuu, usiku nchi nzima inasikia. Kwa hiyo nyie mtakaoandikishwa hotuba, na mtaandikishwa, jueni kwamba mnaandika habari za kesho, wekeni angalau tarehe na kiasi, na kama hakuna basi semeni kazi haijaanza, mtaona jinsi watu wanavyowaheshimu kwa kushangaa.

Na mkisikiliza, sikilizeni vitenzi. "Serikali imetenga bilioni kadhaa", watu wanapiga makofi, kumbe kutenga ni kuandika kwenye kitabu cha makadirio. Kuidhinishwa ni wabunge wamesema ndiyo, mwezi wa sita. Kutolewa ni Hazina imeachia fedha zikaingia kituoni, na mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai hiyo haimaanishi tarehe 2 zipo. Halafu ndo kutumika, na mtakuja kuona nyie wenyewe ile haraka ya Juni, semina tatu wiki moja, kabla ya tarehe 30. Mtu wa mtaani anasikia imetenga anadhani greda liko njiani. Nyie mnaofanya kazi ndani msiwaambie watu greda liko njiani.

Angalia kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya wastaafu. Mwaka 2018 PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilipoanzishwa kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kanuni zikaja na mkupuo, ile fedha unayopewa kwa pamoja ukistaafu, wa asilimia 25, kelele zikajaa nchi, na Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli akasitisha mambo yakarudi kwenye hesabu za zamani, wengine 50 wengine 25. Julai 2022 ikaja 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha kuwa 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50, na 35 kwa waliokuwa wa 25. Sasa muda wote huo nimekaa vijiweni nasikia watu wazima, wengine wahasibu jamani, wanaamini hizo asilimia zinazobaki serikali inakula. Haziliwi, ndizo zinazogeuka pensheni ya kila mwezi. Unaweza kuipinga hesabu yenyewe, mimi mkupuo mkubwa niliupenda kama mwenzangu yeyote mwenye nyumba iliyoishia lenta, ila pinga unachokijua. Kijana wa miaka 25 anaona haya ni mambo ya wazee. Michango inaanza kukatwa mshahara wa kwanza. Uangalie kama inafika kwenye mfuko, kila mwaka, siyo ukiwa na 59.

Halafu waraka wa kwenye simu. Hili la mtu aliyekaa na mafaili mnaweza kulirithi bure. Ikija barua ya PDF inasema kuanzia mwezi ujao posho zimefutwa au watumishi wote wahamie sehemu fulani, mimi hata siisomi maneno. Natazama juu, Kumb. Na., ile namba ya kumbukumbu, ipo? Imepangika kama ya ofisi ile au mtu kabuni? Tarehe ni siku ya kazi au Jumapili? Aliyesaini bado ana cheo hicho au alihamishwa mwaka jana? Nakala imeenda kwa nani, maana waraka wa kweli huwa na nakala na wa uongo huwa na "sambaza kwa wengine". Nyingi zinafia hapo. Wastaafu wenzangu wananiona mchawi.

Na sisi wazee ndo wasambazaji wakubwa, nakiri kwa niaba ya kundi zima. Tuna muda, bando tunanunuliwa na watoto, na tumezoea kwamba karatasi yenye nembo ni ya kweli. Matapeli wanalijua hilo. Anakupigia mtu sauti ya adabu kabisa, anakutajia majina yako yote matatu na kituo chako cha mwisho, hongera mzee kuna mapunjo yako yametoka, tuma tu ya kufungulia faili. Ya kufungulia faili! Miaka yote hiyo nimefungua mafaili, kalamu na tagi tu ndo zilihitajika. Wazee wenu nyumbani waambieni, nyie mtasikilizwa kuliko tangazo.

Uzee wenyewe sina mengi, mtauona. Simu inaacha kulia ndani ya mwezi mmoja, siyo kwamba watu ni wabaya, walikuwa wanapigia kiti. Miwani inakuwa mbili, moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ya kusomea. Na kila baada ya muda unatakiwa uthibitishe kwamba uko hai, zamani kwa kwenda na kitambulisho ukapange foleni, sasa hivi kwa simu, unaikodolea macho kamera huku mke wangu ameishika anasema geuka kidogo, fumba, fumbua, usinune wataona kama umekufa.

Muda uliobaki naandika, na wenzangu wengi nao wanataka kuandika kumbukumbu zao. Mmoja, tulianza naye kazi, alianza kitabu mwaka jana na historia ya ukoo, babu wa babu alitoka wapi, walivuka mto gani, yuko ukurasa wa themanini na hajazaliwa bado. Sasa mtu huyu alikuwa Ngara Aprili 1994, pale watu zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja, wilaya ambayo ofisi yake ilikuwa na magari mabovu na taipu moja nzima. Na ana daftari! Kaunta buku, kila usiku aliandika mistari michache, lori gani limefika, limebeba mahindi au maturubai, nani kapokea, kisima kipi kimekauka, mtendaji wa kijiji kipi kaja kulalamika migomba yake imekatwa kuni. Hakuna hisia hata moja mle ndani, ni kama dokezo, na nilisoma kurasa mbili nikashindwa kuendelea mpaka kesho yake. Nikamwambia kitabu ni hiki, hayo ya ukoo weka nyuma. Hataki, anasema wazee wake watamlaani. Tumebishana wiki mbili, mwisho tumefikia mwafaka, mimi nitamchapia kwa vidole vyangu viwili, kitabu kinaanzia Rusumo, na babu wa babu anakaa Kiambatisho A.