Ukianza kutunga maswali ya besiboli: warushaji waliopotea wakarudi

Wewe unayeanza kutunga chemsha bongo ya besiboli, swali la "mrushaji gani (yule anayemtupia mpigaji mpira) alirudi baada ya kupotea miaka mingi?" utalikimbilia mapema. Ni swali tamu, ila lina mtego. Jedwali la takwimu hukuonyesha miaka ya ligi kuu za Marekani peke yake. Ukiona limeruka kutoka 1953 hadi 1965, usiandike kwamba mtu huyo alistaafu. Tafuta kwanza alikuwa wapi.

Mwenye pengo hilo ni Satchel Paige. Septemba 25, 1965, akiwa na miaka 59, aliichezea Kansas City Athletics dhidi ya Boston Red Sox. Walimwekea kiti cha kubembea pembeni mwa uwanja, na nesi wa kumhudumia. Watu walikuja kutazama kioja, mzee akarusha iningi 3, yaani zamu 3 za wapinzani kupiga, bila kuruhusu pointi hata moja. Aliyempiga vizuri alikuwa Carl Yastrzemski tu, akafika besi ya pili, kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mpigaji huzunguka ili apate pointi. Sasa, katika miaka ile 12 Paige hakuwa ameacha mpira. Alikuwa akirusha katika ligi za chini na katika timu za kuzunguka mji hadi mji. Pengo lililomuumiza zaidi halionekani kwenye jedwali kabisa: ligi kuu ziliwafungia mlango wachezaji weusi, naye akaingia 1948 akiwa na miaka 42. Ukiuliza habari za Paige bila kuligusa hilo, umemnyima msikilizaji kiini cha habari.

Ukitaka pengo refu kwelikweli, mchukue Paul Schreiber. Aliirushia timu ya Brooklyn mara ya mwisho 1923, akaonekana tena 1945 na New York Yankees: miaka 22. Kazi yake pale ilikuwa kuwarushia wapigaji mipira ya mazoezi. Vita vilikuwa vimechukua wachezaji, basi akaitwa.

Kwa majeruhi, kila mtu huuliza jina la Tommy John, kwa sababu upasuaji wenyewe umepewa jina lake. Uliza kwa undani zaidi: daktari Frank Jobe alitoa wapi kano aliyompandikiza kwenye kiwiko cha kushoto mwaka 1974? Kwenye mkono wa kulia. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na baada ya hapo akashinda mechi 164 nyingine.

Angalia pia usimchanganye Jim Morris na hawa. Alipanda ligi kuu 1999 akiwa na miaka 35, baada ya kuacha mpira na kufundisha shule, lakini hakuwahi kufika huko kabla. Huyo alichelewa, hakurudi. Daniel Bard ndiye aliyerudi: alipoteza uwezo wa kuulenga mpira, akatoweka ligi kuu baada ya 2013, na Julai 2020 akaibuka na Colorado Rockies.

Ninalolipenda kuliko yote ni la José Rijo. Ili mtu apigiwe kura ya kuingia Ukumbi wa Umaarufu, unaoenzi magwiji wa besiboli kule Cooperstown, lazima awe nje ya mchezo miaka 5. Kwa hiyo uliza hivi: ni mrushaji gani wa Cincinnati Reds aliyepata kura hiyo mapema 2001, kisha Agosti mwaka huohuo akapanda tena kilimani, pale mrushaji anaposimama, kurusha?