Muulize Shangazi wa Dirishani: Tano kila upande ni kumi

Kwa wageni wa safu hii: nilikaa nyuma ya kioo cha duka la kubeti mashariki mwa London miaka 11, kabla sijarudi Tanga kufuga kuku. Barua za mwezi huu zote ni za farasi.

*Shikamoo shangazi. Mimi ni muuguzi hapa Slough, kwetu Morogoro. Mwezi Juni wenzangu wa wodini wananipeleka kwenye mbio za farasi za Royal Ascot, siku ya Jumatano. Kofia nimeshanunua. Shida ni kubeti. Wenzangu wanasema "weka tano each way" nami naitikia tu kama ninayeelewa. Na zile 7/2 na 11/4 ni hesabu gani? Nimetenga pauni 70, kumi kwa kila mbio. — Mwenye Kofia*

Marahaba mwanangu. Kutanguliza kofia umefanya la maana. Kule hata rangi ya kofia ya marehemu Malkia Elizabeth ilikuwa inawekewa dau.

Tuanze na namba hizo, ambazo dukani tulikuwa tunaziita bei. Ule mkwaju wa katikati usome "kwa". 7/2 ni saba kwa mbili: ukitoa pauni 2 na farasi akashinda, unapewa 7 na mbili zako unarudishiwa. Ukiweka 4 unaondoka na 18. Namba ya kushoto ikiwa ndogo kuliko ya kulia, ujue farasi huyo anaaminiwa mno, na malipo yake ni kiduchu.

Hapo namkumbuka Black Caviar, farasi jike wa Australia aliyekuja Ascot Juni 2012 akiwa ameshinda mbio zake zote 21. Bei yake ilikuwa 1/6. Mzee mmoja wa Kijamaika, mteja wetu wa kila siku, alinisukumia pauni 60 chini ya kioo ili apate 10. Mita chache kabla ya mstari, mpandaji wake Luke Nolen akalegea, akidhani kazi imekwisha. Moonlight Cloud wa Ufaransa huyo anakuja! Black Caviar aliponea kwa urefu wa kichwa tu, na duka zima lilinyamaza mpaka picha ya kuamua mshindi ilipotoka. Mzee alipokea 70 zake, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akaniambia kumi hiyo ameitolea jasho kuliko mshahara wake wa wiki.

Sasa hiyo "each way", yaani kila upande. Ugomvi mwingi niliousikia dirishani ulianzia hapo. Mtu anaandika kwenye karatasi yake "£5 E/W", namwambia kumi, ananiona mwizi. Ni madau mawili, mwanangu. Tano ya kwanza inasema farasi wangu atashinda. Tano ya pili inasema atamaliza kwenye nafasi za mbele. Kwa hiyo ukisema tano kila upande, kumi yako ya mbio hiyo imekwisha.

Hiyo tano ya pili hailipwi bei kamili, hulipwa robo au sehemu ya tano ya bei, na nafasi zinazohesabiwa hutegemea idadi ya farasi. Jumatano yako ndiyo siku ya Royal Hunt Cup, mbio ya maili moja iliyonyooka kama rula, farasi wanaweza kufika 30, na walio hodari zaidi hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Mbio ya namna hiyo ikiwa na farasi 16 au zaidi, kanuni ya kawaida ni robo ya bei kwa nafasi nne za mwanzo, na makampuni mengine huongeza nafasi ili yakuvute. Tuseme wako ana 10/1. Akishinda, tano ya kwanza inaleta 55, ya pili inaleta 17.50, jumla 72.50. Akiwa wa nne, tano ya kwanza imeliwa, unapata 17.50 yako, na kwa kuwa ulitoa kumi, faida ni 7.50. Si haba kwa farasi aliyepitwa na watatu.

Lakini usiibebe kila mahali. Chukua mbio ya farasi wanane, na wako ndiye anayeaminiwa zaidi, bei 3/1. Hapo ni sehemu ya tano ya bei, nafasi tatu. Farasi wako anakuwa wa pili, unashangilia, unakwenda dirishani: unapewa 8. Ulitoa 10. Wateja wangu wengi walikuwa wakizihesabu hizo nane mara mbili mbili wakidhani nimekosea.

Nikunong'oneze na jambo ambalo maduka hayabandiki ukutani. Tuseme kuna farasi watano, bei zao 2/1, 3/1, 4/1, 4/1 na 6/1. Ukitaka kuwashika wote ili upokee 100 yeyote atakayeshinda, utaweka 33.33, na 25, na 20, na 20, na 14.29. Jumlisha. Umetoa takribani 113 ili upokee 100. Hiyo 12 na ushee ndiyo kodi ya duka, taa za duka na mshahara wangu wa miaka 11. Ndiyo maana sikuuliza hata siku moja farasi anaitwaje wala mpandaji kavaa rangi gani. Niliangalia bei.

Uwanjani utaona safu ya watu wanaopokea madau wamesimama na mabango ya taa, kila mmoja na bei zake. Tembea safu nzima kabla ya kutoa pesa, maana farasi yuleyule huyu anampa 8/1 na wa tatu kutoka kwake 9/1. Bei uliyokubaliana naye inakaa kwenye tiketi hata ikibadilika baadaye. Tiketi hiyo italipwa na huyohuyo aliyekupa, si jirani yake, kwa hiyo kumbuka jina lililo kwenye bango. Wewe weka sabini zako kwenye bahasha, na kadi ya benki iache Slough. Ikifika saa nane mchana usimame upande wa kuona magari ya farasi ya mfalme yakiingia. Hayo hayana dau.

*Shangazi, niko Dubai, mhudumu wa hoteli. Kila mwaka wageni wanakuja kwa ajili ya mbio za farasi za Dubai World Cup pale uwanja wa Meydan. Mwaka huu jamaa mmoja ananiambia nimpe dirhamu 300 atanibetia kwa simu kwa siri. Nimpe? — Mpemba wa Deira*

Hapana, mwanangu. Meydan kuna farasi wa bei mbaya duniani, mbio kuu peke yake ina zawadi ya dola milioni 12, lakini dirisha la kubeti halipo. Wenyeji huchezesha shindano la bure: unajaza karatasi ya kubashiri washindi wa mbio kadhaa, ukipatia unapewa zawadi, na hukutoa hata senti. Jaza hiyo. Huyo jamaa wa simu, ukishinda utamdai kwa nani? Utakwenda polisi kusema ulibeti kwa siri?

Tena hata wajuzi huanguka pale. Mwaka 2025 macho yote yalikuwa kwa Forever Young wa Japani. Akaja Hit Show kutoka Marekani, ambaye wachache walimtia hesabuni, akabeba kombe, na Forever Young akawa wa tatu.

*Habari dada. Kuna kijana kwenye simu anauza "farasi wa uhakika" wa mbio za Uingereza, shilingi 2,000 kila mmoja. Wiki iliyopita alinitumia mmoja bure na kweli akashinda. Naweka mkeka? — Baba Wawili, Mombasa*

Nzuri, kaka. Mbio ina farasi wanane. Kijana anagawa watu 800 mafungu manane, kila fungu analitumia farasi wake. Jioni watu 100 wanamwona mtume, na wewe ulikuwa humo. Wale 700 hawakuandikii barua.

Halafu jiulize. Duka nililofanyia kazi, mteja akianza kushinda mfululizo tulipigiwa simu kutoka ofisini: mpunguzieni dau. Akitaka kuweka 50, tunamkubalia 5. Mwenye farasi wa uhakika kweli hahangaiki kutafuta wateja wa 2,000, anahangaika kutafuta duka litakalompokea.

Mjaribu. Mwandikie kwamba hela ya sasa huna, ila farasi wake akishinda utamlipa 6,000 jioni hiyohiyo. Ukipata jibu, nitumie nami nilisome.