Bomba refu zaidi haliongezi besi

SWALI: Nimetengeneza spika mbili kwa bomba la plastiki la maji taka lenye kipenyo cha milimita 110. Kila bomba lina urefu wa sentimita 60. Mbele nimefunga spika ya inchi 3, na nyuma nimeziba kwa mfuniko wenye tundu la sentimita 3. Sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na besi ni hafifu. Nimeshauriwa nitumie bomba la mita 1, kwa kuwa bomba refu ndilo linaloleta besi. Je, ushauri huu ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na ninakuomba usikate bomba jingine kwa sasa. Swali la namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara anayeuliza ameshaambiwa na mtu kwamba besi hutengenezwa na bomba. Besi hutokana na hewa inayosukumwa na koni, yaani ile sehemu ya mbele ya spika inayosogea mbele na nyuma. Ili spika ishuke oktava moja, yaani hadi nusu ya mitetemo kwa sekunde, bila sauti kupungua, koni inapaswa kusogea mara nne ya umbali wa awali, na koni ya inchi 3, ambayo husogea milimita chache tu, haina nafasi ya kufanya hivyo, uifunge kwenye bomba la urefu wowote ule.

Kazi ya kasha, liwe la mbao au la plastiki, ni kuzuia sauti ya nyuma ya koni isikutane na ya mbele zikafutana, na kuipa koni hewa ya kuegemea. Ukubwa wa kasha hilo huamuliwa na spika yenyewe. Neville Thiele wa Australia alieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1961, na Richard Small akaliendeleza katika miaka ya 1970. Ndiyo maana watengenezaji makini huchapisha vipimo viitwavyo Fs (masafa ambayo koni hutetemeka kwa urahisi zaidi), Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa mashikio ya koni) na Qts (jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa) kwa kila spika wanayoiuza. Tuchukue mfano wa spika ya inchi 3 ambayo koni yake hutetemeka kwa urahisi zaidi kwenye hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), yaani Fs, na ambayo Vas yake ni lita 2. Bomba lako, ikiwa kipenyo chake cha ndani ni kama milimita 104, lina ujazo wa takriban lita 5. Ukiliziba kabisa, mtetemo wa koni utapanda hadi hezi 118 hivi. Ukilirefusha hadi mita 1, ujazo utafika lita 8.5, na mtetemo huo utakuwa kwenye hezi 111. Plastiki yote uliyoongeza imekupa hezi 7, tofauti ambayo sikio halitaitambua.

Hasara yake, hata hivyo, utaisikia. Hewa iliyomo ndani ya bomba huvuma yenyewe kulingana na urefu wa bomba: kwa sentimita 60 huvuma karibu na hezi 286, na kwa mita 1 karibu na hezi 171, na masafa yote hayo yamo ndani ya sauti ya binadamu. Hiyo ndiyo sauti ya pipa unayoilalamikia. Tiba yake ni pamba ya poliesta, ile inayojazwa kwenye mito, iliyochambuliwa vizuri na kutandazwa ndani ya bomba bila kushindiliwa, huku ukiacha wazi eneo la tundu. Kisha weka ncha za vidole juu ya mfuniko wa nyuma wakati muziki unapigwa. Ukuta wa bomba ni mgumu kwa sababu ya umbo lake la mviringo, lakini mfuniko ni bapa na mwembamba. Ukihisi unatetemeka, ugundishe kipande cha mbao kwa ndani.

Tundu lako nalo lina kasoro. Kwa kuwa limetobolewa kwenye plastiki nyembamba, linavuma juu kidogo ya hezi 120, kwa hiyo linakuza noti chache za juu ya besi na kuziacha nyingine. Kijibomba cha kipenyo hichohicho chenye urefu wa sentimita 4 kitalishusha hadi karibu hezi 80. Zaidi ya hayo, uso wa spika yako ni mwembamba, hivyo chini ya takriban hezi 1000 sauti huanza kuzunguka na kuelekea nyuma, na upungufu wake unaweza kufika desibeli 6. Kuzisogeza spika karibu na ukuta hurudisha sehemu ya upungufu huo.

Kinachonikera ni watu wanaogawa vipimo vya "bomba la besi nzito" bila kuuliza ni spika gani itakayofungwa humo. Kipimo kilichofaa spika moja kinaweza kuharibu nyingine yenye ukubwa uleule wa inchi. Kama spika yako haina karatasi ya vipimo, pima mwenyewe kabla ya kuifunga: iunge kwenye amplifaya kupitia rezista ya omu 1000, piga toni moja moja kutoka kwenye simu ukipanda taratibu kuanzia hezi 40, na uangalie volti za spika kwa multimita. Masafa ambayo volti zinafika kilele ndiyo Fs. Kazi hii haichukui muda mrefu, na asiyekuwa tayari kuifanya hana msingi wa kumshauri mtu akate bomba.

Wapo pia wanaokosa besi kisha wakaitafuta kwa kufungulia kitufe cha besi hadi mwisho. Katika kasha lenye tundu, chini ya masafa ya tundu hilo hewa haiishikilii koni tena, kwa hiyo koni hurukaruka kupita kiasi huku besi inayosikika ikiwa ndogo. Koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, hupata joto, hugonga sehemu ya nyuma ya sumaku, na hatimaye huungua. Kwa spika ya inchi 3, zuia masafa ya chini ya hezi 70 kwenye amplifaya au kwenye programu ya muziki, na ukihitaji besi ya chini ya hapo, nunua spika kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na kasha lake.