Maswali ya Wasomaji: Kuwinda Kulungu na Watoto Katika Msitu Tusioujua

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Marekani, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukiwinda kulungu katika shamba la jirani aliyetukaribisha. Shamba hilo sasa limeuzwa. Mwaka huu sote wanne, pamoja na binti yetu wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka 13, tumepata vibali vya kuwinda kwa bunduki katika milima ya Colorado mwishoni mwa Oktoba, ndani ya msitu wa taifa ambao hatujawahi kuukanyaga. Mume wangu anataka tuingie ndani kilomita sita au saba kutoka barabarani, kwa kuwa wawindaji wengine hawafiki huko. Mimi nina wasiwasi, ingawa siwezi kusema hasa wa nini. Tupange vipi?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, mumeo hakukosea kusema kwamba wawindaji wengi hawaachani na barabara, na kwamba kulungu huligundua hilo mapema. Alipokosea ni pale alipoanzia hesabu. Mnapowinda na watoto, swali la kwanza si kulungu wako wapi, bali nyama yake itafikaje kwenye gari. Dume mzima wa milima hiyo, yule mwenye masikio makubwa kama ya baghala, huacha takriban kilo 25 hadi 35 za nyama hata baada ya mifupa kutolewa. Mzigo huo huongezwa juu ya bunduki, maji na nguo za baridi, na hubebwa katika mwinuko ambao mtu aliyezoea nchi tambarare hutweta hata akitembea mikono mitupu. Kumbuka pia kwamba vibali ni vinne: wakianguka kulungu wawili siku moja, kilomita saba zitatembewa zaidi ya mara moja, na sehemu ya safari itakuwa gizani.

Kwa hiyo ningewashauri msivuke kilomita mbili kutoka gari lilipo, na mchague eneo ambalo mtalipanda asubuhi mkiwa wepesi na kulishuka mkiwa na mzigo. Korongo lenye mteremko mkali huvutia kwa sababu wengine hulikwepa, lakini wanaolikwepa wana sababu yao. Saa halali za kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na huisha nusu saa baada ya kuzama. Mkiwa na mtoto wa miaka 13, mnyama aliyeonekana katika dakika kumi za mwisho ni afadhali aachwe, kwa kuwa kumfuata majeruhi kwa tochi katika pori geni ni kazi ngumu hata kwa wazoefu.

Jambo la pili ni mipaka, na hapa ndipo waliozoea shamba la mtu hujikwaa zaidi. Katika Colorado mwenye ardhi halazimiki kuweka uzio wala kibao, na anayeingia bila ruhusa ndiye mwenye kosa. Vilevile, ardhi kuwa mali ya serikali hakumaanishi kwamba ni wazi kwa wote: misitu ya taifa kwa kawaida huruhusu uwindaji, Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain hairuhusu, na ardhi za amana za jimbo, yaani zile jimbo linazozishikilia kwa manufaa ya shule na taasisi nyingine za umma, zimefungwa isipokuwa zile zilizowekwa katika mpango maalumu wa kuwaruhusu wananchi. Pakueni katika simu ramani inayoonyesha umiliki wa ardhi, mhakikishe inafunguka pasipo mtandao, na mbebe pia ya karatasi, kwani betri hufa haraka kwenye baridi. Jingine la kuhakiki ni kwamba vibali vyenu vyote vinataja eneo lile lile na kipindi kile kile. Kibali cha kulungu katika jimbo hilo hakivuki kwenda eneo la jirani, hata kama ni kijito tu kinachoyatenganisha.

Kuhusu watoto, sheria inamtaka mwindaji wa miaka 12 hadi 15 awe na mtu mzima anayemwona na kumsikia wakati wote. Binti wa miaka 16 hafungwi na sharti hilo, lakini katika pori asilolijua mimi nisingemwacha peke yake. Gawanyikeni wawili wawili. Kila mmoja avae vazi la nje lenye angalau inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo.

Fikeni siku mbili kabla ya msimu, mzoee hewa ya juu na mtazame wanyama wanapopita. Kaeni ukingoni na darubini alfajiri na jioni badala ya kuzunguka, kwa kuwa kila hatua huacha harufu. Hewa ya milimani kwa kawaida hushuka bondeni kungali na baridi na hupanda jua likishawasha mteremko, hivyo mahali pazuri saa kumi na mbili asubuhi paweza kuwasaliti saa nne. Theluji ikianguka mapema juu kabisa, wanyama huanza kuteremka, nanyi mteremke nao. Chagueni sehemu tatu, kwa sababu mkifika kwenye ya kwanza huenda mkakuta magari mawili yamekwisha kuegeshwa.

Akianguka mnyama, mfungeni lebo ya kibali mara moja, mtoeni matumbo, mchuneni na muitundike nyama kivulini ipoe. Acheni kielelezo cha jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama mnyama ni dume au jike, kikiwa kimeshikamana na nyama kama sheria inavyotaka. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaoharibu ubongo wa mnyama mpaka afe na uliotambuliwa kwanza katika jimbo hilo hilo mwaka 1967, bado upo. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe. Pelekeni kichwa kikapimwe, na kama mnatoka jimbo jingine, someni sheria zake kabla ya kuondoka, kwani majimbo mengi hayaruhusu ubongo na uti wa mgongo kuingizwa.

Na kama mumeo bado anazitamani zile kilomita saba, siku ya kwanza ya kutazama eneo mpe begi lenye kilo 25 za maji, aende nalo mpaka huko na kurudi. Jioni hiyo ndiyo mkae muamue.